Kodi ya Kodi: Neno Lililonigombanisha na Mwenye Nyumba Wangu

Mwenye nyumba wangu alizihesabu noti mara tatu juu ya meza yangu, akazipanga upya katika vitita vya laki moja moja, kisha akaniuliza kwa sauti ya upole iliyonitisha kuliko kelele: "Ng'wanawane, hapa ipo milioni moja na laki sita na elfu ishirini. Mkataba unasema milioni moja na laki nane. Nyingine iko wapi?"

Nimepanga fremu yake hapa Kirumba, Mwanza, kwa shilingi 300,000 kwa mwezi, nalipa kwa miezi sita, na ndani yake nina meza mbili, kabati la mafaili na kompyuta moja ninayotunzia vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wadogo. Nilimjibu kama nilivyozoea kuandika kwenye taarifa: "Hiyo nyingine, Mzee, ni kodi ya zuio. Nimezuia asilimia kumi ya kodi yako ili niipeleke Mamlaka ya Mapato, TRA." Kisheria jibu lilikuwa sahihi. Kwa lugha ya mtu aliyekaa mbele yangu lilikuwa tusi, kwa kuwa alichosikia ni kwamba mpangaji amezuia kodi ya mwenye nyumba na sasa anadai kwamba huko kuzuia nako ni kodi. Alizikusanya noti zake, akaondoka bila kuaga, na kwa wiki mbili akawa anapita mbele ya fremu yangu akitazama upande wa ziwa.

Kwa miaka niliyofanya kazi hii, nimeona kwamba ugomvi mwingi ninaoitwa kuusuluhisha huanzia kwenye neno lililosikika vibaya, na fedha huja nyuma yake. Kwa hiyo leo nataka kuyapitia maneno yenyewe, yale ninayoulizwa mara kwa mara, kwa jinsi ninavyoyaeleza mezani pangu.

Nianze na hilo la kwanza, kodi, ambalo limebebeshwa mzigo wa watu wawili. Tunakodi baiskeli, tunakodisha mtumbwi, tunalipa kodi ya chumba kila mwisho wa mwezi, na papo hapo tunaambiwa tulipe kodi kwa serikali. Zamani hali ilikuwa na utata wa namna nyingine: utawala wa Wajerumani ulipoanza kutoza kodi mwaka 1898, ulihesabu kwa kila nyumba, hivyo mababu zetu waliposikia kodi ya nyumba walijua ni ya serikali, ilhali sisi tukisikia maneno hayo hayo tunamfikiria mwenye nyumba anayegonga mlango alfajiri. Baadaye ikaja kodi ya kichwa, kisha kodi ya maendeleo, ambayo ilifutwa mwaka 2003, na wazee wa Usukuma bado husimulia namna vijana walivyojificha kwenye majabali pindi watoza kodi wakionekana kijijini. Mwenye nyumba wangu ni wa rika hilo. Neno zuio lilipomfikia, lilimkuta na kumbukumbu zake.

Siku hizi, katika mikataba ninayoiandika mwenyewe, yale malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba nayaita pango, na neno kodi naliachia serikali. Hata hivyo nawaonya wateja wangu kwamba pango la ardhi ni jambo jingine tena: hilo hulipwa na mwenye hati ya kiwanja kila mwaka kwa kuwa ardhi yote ya nchi hii ni mali ya umma na yeye ameipewa aitumie. Kodi ya jengo nayo ni ya kile kilichosimama juu ya kiwanja hicho. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda kuwa 1,500 mwaka 2023, na kwa ghorofa hutozwa zaidi. Anayenunua umeme ndiye anayekatwa, na mara nyingi huyo ni mpangaji, ingawa jengo si lake. Katika ule mzozo wetu nilikuwa na risiti za LUKU za mwaka mzima zikionyesha kwamba nimemlipia Mzee kodi ya jengo lake bila kumdai hata senti, lakini nilikuwa na busara ya kutosha kutozitoa siku ile.

Ushuru, tozo na ada ni ndugu wa kodi, na watu huyachanganya kwa haki kabisa, maana fedha hutoka mfuko ule ule. Ushuru ni neno la Kiarabu lenye asili ya sehemu moja ya kumi, japo siku hizi si lazima uwe moja ya kumi: upo ushuru wa forodha kwa mizigo inayoingia nchini, ushuru wa bidhaa kwa vitu kama bia, soda na sigara, ushuru wa stempu kwenye mikataba, ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri, na ule ambao kila mtu wa soko la Mwaloni anaujua kwa sababu hukatiwa kikaratasi kabla gunia halijatua chini. Tozo latokana na kutoza, na lilipata umaarufu usiotakiwa mwaka 2021, miamala ya simu ilipoanza kukatwa. Ada ni malipo ya kupewa kitu maalumu, kama leseni. Mteja akiniuliza tofauti zake, mimi humwambia atazame jambo moja tu: ni nani aliyetoa stakabadhi. Kama ni halmashauri, asiende TRA kulalamika, atapotezewa siku.

Sasa nije kwenye jozi ya maneno ambayo, kwa maoni yangu, imewagharimu watu wa soko letu fedha nyingi kuliko kodi yoyote: mauzo na faida.

Mama mdogo wangu anauza dagaa kwa mafungu. Hununua gunia Mwaloni kutoka kwa watu wanaoleta mzigo wa visiwani, huupeleka nyumbani, huupepeta kuondoa mchanga na chenga, kisha hupanga mafungu yake kwenye meza ya mbao karibu na barabara. Siku alipoamua kujirasimisha alikuja kwangu na hofu moja. "Mwanangu, nikiwaambia nauza laki moja kwa wiki, si watasema mimi ni tajiri?" Nilimwomba anieleze ile laki inaishia wapi. Akataja gunia, bodaboda, mifuko, ushuru wa soko, dagaa walionyeshewa mvua wakaoza, na mkono wake ukabaki na kama elfu ishirini. Ile laki moja ndiyo mauzo ghafi. Zile elfu ishirini ndizo faida. Yeye alikuwa ameziita zote "mapato", na hapo ndipo mtego ulipo, kwa sababu sheria yenyewe inaitwa Sheria ya Kodi ya Mapato, ya mwaka 2004, na mtu akisikia mapato hudhani ni kila shilingi iliyopita mkononi mwake.

Kwa biashara kubwa zinazotunza hesabu kamili, kodi ya mapato hutozwa kwenye faida baada ya kutoa matumizi yanayokubalika. Kwa mfanyabiashara mdogo wa aina ya mama mdogo, upo utaratibu wa kodi ya makadirio, na huo hutazama mauzo. Chini ya shilingi milioni 4 kwa mwaka hadaiwi kodi hiyo, na ndiyo maana mwaka 2018, vilipotolewa vile vitambulisho vya wajasiriamali vya shilingi 20,000, mstari uliowekwa ulikuwa huo huo wa milioni 4. Kuanzia milioni 4 hadi milioni 7, kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, asiyetunza kumbukumbu hulipa 100,000 kwa mwaka, na anayetunza hulipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4.

Tulikaa tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Laki moja kwa wiki mara wiki hamsini na mbili ni milioni 5 na laki 2. Toa milioni 4, inabaki milioni moja na laki mbili, na asilimia 3 ya hiyo ni shilingi 36,000. Yaani daftari la shilingi elfu mbili lililoandikwa kila jioni lingemwokolea shilingi 64,000 kwa mwaka. Mama mdogo alinyamaza, akaiangalia ile bahasha kana kwamba nimemficha kitu, akasema: "Na hakuna aliyewahi kuniambia." Siku ile ile alinunua daftari la kaunta lenye jalada gumu. Safu ya kwanza ni tarehe, ya pili "nimenunua", ya tatu "nimeuza", na ya nne aliiongeza mwenyewe bila kuniuliza, akaiita "wamekopa". Kurasa zake zinanuka dagaa, lakini ni kumbukumbu safi kuliko za baadhi ya wateja wangu wenye kompyuta.

Lakini sitawaficha upande wa pili. Kodi inayotazama mauzo haijali kama umepata hasara. Mama mdogo akipata mwaka wa mvua nyingi, dagaa wasikauke, gunia zima likaishia kuwa chakula cha kuku, bado mauzo yake yatahesabiwa. Neno makadirio linasikika kama la huruma, kama mtu anayekukadiria kwa jicho la kindugu, na mimi naona lina ukali ndani yake ambao haukuelezwa vya kutosha. Anayepata hasara mfululizo ana sababu ya kufikiria kuhamia kwenye hesabu kamili, ingawa huko kuna gharama ya mtu kama mimi.

Kuhusu yale matumizi yanayokubalika, maana yake ni matumizi yaliyofanywa kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara hiyo. Pango la duka, mishahara, umeme wa jokofu la samaki, mafuta ya injini ya mtumbwi, hayo yanaingia. Mteja mmoja aliniletea orodha ambayo ndani yake kulikuwa na mchango wa harusi ya shemeji, akitetea kwamba kwenye harusi ile alipata wateja wawili. Niliukata mchango, nikamwachia soda alizowanunulia wafanyakazi wake. Na jokofu lenyewe, kwa kuwa litatumika miaka mingi, halikatwi bei yake yote mwaka mmoja. Linakatwa kidogo kidogo kwa kile kinachoitwa uchakavu, neno ambalo kwa mara moja limetungwa vizuri, maana kila mwenye jokofu la samaki anajua namna linavyochakaa.

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo mjini kote huitwa VAT, ilianza mwaka 1998 kwa asilimia 20, na mwaka 2009 ikashushwa hadi 18. Jina lake refu linatisha, ila maelezo yake yamo ndani ya jina lenyewe: kila anayeongeza thamani kwenye bidhaa hutoza kodi kwa anayemuuzia, na hutoa humo ile aliyokwisha kutozwa aliponunua. Ile anayotoza huitwa kodi ya mauzo, ile aliyotozwa huitwa kodi ya manunuzi, na tofauti yake ndiyo hupelekwa TRA kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Anayebeba mzigo wote mwishoni ni yule asiyekuwa na mtu wa kumuuzia tena, yaani mlaji. Muuza duka ni mpitishaji. Anapoziona fedha hizo kwenye droo yake na kuzihesabu kuwa faida, amekwisha kujiwekea deni.

Kosa ninalolikuta kila wiki ni la hesabu. Mtu ana risiti ya jokofu la shilingi 1,180,000, bei ikiwa na kodi ndani yake, anachukua asilimia 18 ya kiasi chote, anapata 212,400, anaandika hivyo kwenye vitabu. Si sahihi. Ile asilimia 18 ilihesabiwa juu ya bei kabla ya kodi, ambayo ni 1,000,000, kwa hiyo kodi iliyomo ni 180,000. Njia ya mkato ni kugawa bei yote kwa 118, kisha kuzidisha kwa 18. Nimeibandika ukutani juu ya meza yangu kwa kalamu nyekundu.

Tena si kila duka linaruhusiwa kutoza kodi hii. Anayetoza ni aliyesajiliwa nayo tu, na kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kilipandishwa mwaka 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200 kwa mwaka. Kuwa na TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi, hakukufanyi uwe umesajiliwa VAT, na kuwa na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti, pia hakukufanyi hivyo. Muuzaji asiyesajiliwa anayekuongezea asilimia 18 "ya serikali" anaiweka mfukoni mwake.

Kuna tofauti nyingine ambayo wengi huiona kama mchezo wa maneno, kati ya bidhaa iliyosamehewa kodi na bidhaa ya kiwango sifuri. Kwa mnunuzi zote mbili zina kodi ya shilingi sifuri. Kwa muuzaji ni mbingu na ardhi. Kiwanda kinachosafirisha minofu ya sangara kwenda Ulaya huuza kwa kiwango sifuri, kwa hiyo bado kimo ndani ya mfumo na kinaweza kudai kurudishiwa kodi iliyokatwa kwenye vifungashio na huduma kilizonunua. Anayeuza mazao ya shambani yasiyosindikwa amesamehewa, yuko nje ya mfumo, na kodi aliyotozwa kwenye gari la kubebea au mizani aliyonunua inamwishia yeye mwenyewe. Kwa hiyo msamaha wa kodi si kila mara ni zawadi kwa muuzaji.

Kwa walioajiriwa nitasema machache, kwa sababu mwajiri wao ndiye mwenye kazi. Kodi yao huitwa Lipa Kadiri Unavyopata, hukatwa kila mwezi kabla mshahara haujafika, na shilingi 270,000 za mwanzo hazikatwi kitu. Mwalimu mmoja wa shule binafsi alinijia akitaka kukataa nyongeza ya mshahara, kwa kuwa ameambiwa kwamba akivuka shilingi 760,000 atahamia daraja la asilimia 25 na kubaki na fedha kidogo kuliko za awali. Nikamwonyesha kwamba kodi ya shilingi 760,000 ni 68,000, na kodi ya shilingi 761,000 ni 68,250: asilimia 25 imegusa ile elfu moja ya juu tu, na yaliyo chini yake yamebaki kama yalivyokuwa. Akaichukua nyongeza yake. Pia nilimkumbusha kwamba mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii hutolewa kwanza, kisha kodi ikahesabiwa kwa kinachobaki, hivyo asilinganishe makato yake na mshahara ulioandikwa kwenye mkataba.

Yapo pia maneno ya kwenye barua, ambayo watu huyasoma mikono ikitetemeka. Ritani ni taarifa unayoijaza wewe mwenyewe, na inatakiwa hata kama kodi ni sifuri. Wengi huadhibiwa kwa kutokuiwasilisha wakati hawadaiwi chochote. Riba ni gharama ya kuchelewa kulipa, adhabu ni gharama ya kukosea utaratibu, na barua moja inaweza kubeba vyote viwili. Tathmini ni kiasi ambacho mamlaka imeona unadaiwa. Usipokubaliana nayo, unayo haki ya kuweka pingamizi ndani ya siku 30, na kwa kawaida utatakiwa kulipa kwanza theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, au sehemu ile usiyoibishia, kutegemea ipi ni kubwa. Nimepokea mtu siku ya thelathini na tatu, akiwa na vielelezo vyote mkononi, vimefungwa kwa uzi, akiwa ameziweka barua kwenye droo "mpaka hasira zipoe". Hilo liliniuma.

Narudi kwa Mzee. Wiki mbili zilipopita nilimfuata nyumbani, nikiwa na hati ya kodi ya zuio yenye jina lake na TIN yake. Sikutumia tena neno kodi zaidi ya mara moja. Nilimwambia kwamba zile 180,000 ni zake, na kwamba nimezipeleka TRA kwa jina lake kwa kuwa sheria humtaka anayepanga kwa ajili ya biashara awe mkono wa kuzipitisha kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Nikamwambia pia kwamba hati ile aitunze, kwa kuwa siku atakayoulizwa kuhusu mapato ya fremu zake, hiyo ndiyo itakayomjibia.

Aliisoma hati kwa muda mrefu, akiwa ameishika mbali kidogo na macho. Akauliza kama jina lake limeandikwa na mashine ya serikali au na kompyuta yangu, nikamweleza. Akamwita mjukuu wake alete miwani, akaisoma upya, akaikunja mara nne na kuiweka kwenye mfuko wa shati.

Mkataba ulipofikia kuhuishwa alikuja ofisini mwenyewe, akaketi bila kukaribishwa, akaniambia pango jipya ni 335,000. Nilipotaka kulalamika alininyooshea kiganja. "Piga hesabu. Ukizuia kumi kwa mia, nabaki na ngapi?" Nikabonyeza kikokotoo: 301,500. "Basi," akasema, "andika 335,000 kabla ya zuio. Hiyo elfu moja na mia tano ni ya zile wiki mbili."